Ejenti wa vyuo vya nje Arusha na digrii ya ubongo: tulicholipia, tulichopata, na vyuo tulivyokuja kulinganisha wenyewe

Habari zenu wakuu. Hili jambo nimekaa nalo miezi nikisema nitaandika nitaandika, leo mvua za vuli zinapiga Moshi toka asubuhi, dukani hamna mteja, kwaiyo naandika yote kwa mpigo. Ni rivyu ya ofisi moja ya ejenti wa vyuo vya nje iliyoko Arusha mjini, jina lao siweki, na humohumo naeleza vyuo tulivyokaa kuvilinganisha sisi wenyewe kwa ajili ya mdogo wangu wa kike aliyetaka kusoma nyurosayansi, yaani sayansi ya ubongo na neva, digrii ya kwanza. Nyota nawapa mbili kati ya tano na nitaeleza kwanini sio moja na kwanini sio tatu.

Ila lazima nianze na bibi, bila bibi hamtaelewa kwanini nilikasirika vile.

Bibi yetu yuko Machame. Alipata kiharusi, upande wa kulia ukalala na maneno yakapotea. Anakuelewa vizuri tu, anakuangalia machoni, lakini akitaka kitu anasema "ile... ile..." anaishia hapo, anapiga mkono kwenye godoro kwa hasira machozi yanamtoka. Sasa Jumapili moja kina mama wa jumuiya wakaja kusali naye nyumbani, wakaanza kuimba, aisee bibi akaimba nao. Sio kuguna, kuimba, maneno yamenyooka, ubeti wa kwanza wa pili wa tatu, na ubeti mmoja una neno maji ndani yake na alilitamka kama mtu mzima asiye na shida yoyote. Wimbo ukaisha, mama akamuuliza bibi nikuletee chai au maji? "Ile... ile..." Mdogo wangu alikuwa kidato cha tano PCB (fizikia, kemia na baiolojia), alikuwepo amekaa kwenye kigoda pembeni ya kitanda. Alitoka nje akanifuata nilipokuwa naosha pikipiki akaniambia, kaka, kama mdomo unaweza kuimba neno maji, kwanini hauwezi kuyaomba?

Sikuwa na jibu. Yeye akaanza kulitafuta na hajaacha mpaka leo. Akasoma habari za Broca, daktari wa Ufaransa ambaye mwaka 1861 alionyesha kwamba mgonjwa aliyepoteza usemi alikuwa ameharibika sehemu ya mbele ya ubongo upande wa kushoto, akasoma kwamba watu wengi wa namna ya bibi wanaweza kuimba maneno wasiyoweza kuyasema, na kwamba wataalamu hawajamaliza kubishana ni kwa njia gani hasa. Hiyo ndo ilimshika, kwamba kumbe kuna swali la bibi yetu na halijafungwa.

Desemba hiyohiyo watu tumepanda mlimani kama kawaida, tukachinja mbuzi. Mnajua huku kila kipande kina mwenyewe, yeye akaomba kichwa. Mjomba akampasulia fuvu taratibu kwa panga, ubongo ukatoka mzima, mdogo kuliko ngumi yangu, unateleza, umefunikwa ngozi laini yenye mishipa myekundu kama uzi. Akauweka kwenye sinia, akaukata ule wa nyuma katikati kwa kisu cha nyanya akaniita nione, ndani kuna michirizi myeupe imesimama kama mti wenye matawi. Wenzie wako kwenye supu yeye anapiga picha anaandika majina ya sehemu kwenye daftari. Nikamwambia mama huyu mtoto tusimlazimishe famasia.

Sasa ofisi.

Tulielekezwa na jirani ambaye mwanae walimpeleka nje akasoma mambo ya biashara na aliridhika. Tukapanda kosta asubuhi mi na mdogo wangu, saa nne tuko Arusha, ofisi iko ghorofani, safi, ina kiyoyozi, ukutani ramani ya dunia imechomekwa pini. Mapokezi mazuri kwakweli, dada wa mapokezi ana heshima zake, chai ipo. Ada ya ushauri shilingi 350,000, risiti nilipewa. Na niseme mazuri yao kwanza maana yapo. Mambo ya pasipoti, cheti cha kuzaliwa, namna ya kujiandikisha mtihani wa Kiingereza wa IELTS, mpangilio wa makaratasi ya viza, hapo wanajua kazi yao na hawakutuzungusha. Kuna baba mmoja tulimkuta pale mtoto wake anaenda kusoma uhandisi, kila kitu chake kilikuwa kwenye faili moja kimepangwa na alama za rangi. Kama unajua tayari chuo unachokitaka na unataka mtu wa kukushika mkono kwenye makaratasi, hiyo kazi wanaiweza. Ndo maana sio nyota moja.

Shida ni kwenye kuchagua, na sisi ndo tulichoenda kulipia.

Mshauri aliyepangiwa sisi alimuuliza mdogo wangu maswali mawili tu, matokeo ya moku na bajeti ya mzazi. Hakumuuliza kwanini ubongo. Afu akafungua laptopu akaonyesha chuo kimoja (sikitaji, kosa sio la chuo), majengo mazuri, bwawa la kuogelea, akasema kozi ipo na nafasi ipo na "asilimia kubwa unapata". Mdogo wangu akauliza kwa adabu, samahani dada, mwaka wa mwisho wanafunzi wanafanya projekti kwenye maabara au wanasoma makala tu? Jibu likawa huko kila kitu mnapewa. Akauliza tena, kuna mwalimu pale anayefanya utafiti wa lugha na kiharusi? Dada akaangalia simu yake akasema mdogo wangu hayo utayakuta hukohuko. Tulivyorudi nyumbani tukaingia wenyewe kwenye websaiti ya kile chuo, kumbe alichotuonyesha ni mwaka wa faundesheni, yaani wa maandalizi kabla ya digrii, halafu digrii ya sayansi ya tiba kwa ujumla, somo la ubongo ni moja mwaka wa tatu na ni la kuchagua. Siwezi kusema alidanganya, nahisi hakuwahi kuisoma ile kurasa mpaka chini.

Nilikuja kuelewa baadae kwamba ofisi nyingi za hivi zinalipwa kamisheni na vyuo kwa kila mwanafunzi anayefika. Sio siri na sio kosa kisheria, lakini mzazi ujue, anayekushauri ana vyuo vyake na visivyomlipa hatakutajia. TCU, yaani tume ya vyuo vikuu, wanatoa orodha ya mawakala waliosajiliwa kupeleka wanafunzi nje, ni ya kuangalia kabla hujatoa hata mia, ila kusajiliwa hakumaanishi mtu anaijua kozi yako.

Kilichonikata kabisa ni barua ya kujieleza. Kwa Uingereza maombi karibu yote ya digrii ya kwanza yanapita mfumo mmoja wa UCAS, unachagua vyuo visizidi vitano, na barua ni moja inayoenda kote. Wakati ule ilikuwa insha moja isiyozidi herufi 4,000 (kwa wanaoingia 2026 wamebadilisha, sasa ni maswali matatu unajibu). Mdogo wangu aliandika ya kwake, ya bibi na wimbo na maji, akaituma kwao waikague Kiingereza. Baada ya wiki ikarudi. Akaisoma amesimama mlangoni kwangu, akaisoma tena, akasema, kaka, bibi yuko wapi humu? Bibi hakuwepo. Wameifuta yote wameweka maneno ya tangu utotoni nimekuwa nikivutiwa na maajabu ya ubongo wa mwanadamu, mtu yeyote angeweza kuiweka jina lake pale juu. Na UCAS wana mashine inayolinganisha barua za waombaji wote kutafuta zilizonakiliwa, sasa kama ile ofisi inatoa barua hiyohiyo kwa watoto kumi unadhani nani anaumia? Niliwapigia nikasema hatuendelei. Sikupandisha sauti ila mkono ulikuwa unatetemeka.

Basi tukakaa wenyewe, meza ya kulia chakula, bando, daftari la kaunta buku. Wiki tatu usiku. Na hapa ndo nataka wenye watoto wa PCB na CBG wasome taratibu.

Kitu cha kwanza tulichojifunza, jina la kozi halikwambii kitu. Vyuo vinaita nyurosayansi, vingine nyurosayansi na saikolojia, vingine wanaificha ndani ya sayansi ya tiba au ndani ya baiolojia, MIT kule Marekani kozi zao zinaitwa kwa namba na ubongo ni Kozi ya 9 na imejaa hesabu na kompyuta. Kwaiyo ukifungua ukurasa wa kozi usisome maneno ya juu yenye picha, shuka mpaka kwenye orodha ya masomo mwaka kwa mwaka. Hesabu masomo mangapi ni ya lazima ya ubongo na yanaanza mwaka gani. Angalia takwimu na programu za kompyuta zimewekwa wapi, maana siku hizi huwezi kusoma ubongo bila kuchambua data, na mtoto wa PCB aliyepita na BAM tu, yaani zile hesabu za msingi, inabidi ajiandae kisaikolojia na kimazoezi. Afu uliza lile swali la projekti. Mdogo wangu alituma emeili kwa ofisi za udahili za vyuo karibu vyote, swali moja fupi, mwanafunzi wa digrii ya kwanza anapata kweli kuingia maabara na kufanya jaribio lake mwaka wa mwisho, au anaweza kumaliza kwa kuandika insha ya makala za wengine? Majibu yalitofautiana sana na yalitusaidia kuliko jedwali lolote la kushindanisha vyuo. Wengine walijibu siku mbili, na mpaka jina la mtu wa kumuuliza zaidi wakaweka.

UCL London tuliiweka juu mwanzoni kwa sababu ya John O'Keefe. Huyu alikuwa anarekodi seli moja moja kwenye ubongo wa panya anayetembea, mwaka 1971 akatangaza kuna seli zinazowaka panya akiwa sehemu fulani tu ya chumba, kama ramani, na 2014 akapewa Nobel pamoja na May-Britt Moser na Edvard Moser wa Norway waliokuja kukuta seli zingine za kupima nafasi. Ni miaka mitatu, nyurosayansi unaanza nayo mapema. Lakini London ni London, chumba tu kinamaliza mtu.

Edinburgh ni habari nyingine. Scotland digrii ni miaka minne, miwili ya mwanzo mapana, unachanganyika na wa sayansi zingine za tiba, halafu mwaka wa tatu na wa nne ndo unazama kwenye ubongo. Kwa mtoto wa Form six ya Tanzania mi naona ule upana ni faida, maana kidato cha sita cha kwetu maabara ni chache, titresheni na kupasua chura, na mtu anahitaji muda wa kushika vifaa kabla hajaulizwa projekti. Na Richard Morris, aliyebuni lile jaribio la panya kuogelea kutafuta jukwaa lililofichwa chini ya maji ili kupima kumbukumbu, amefundisha hapo. Mzee wetu alivyosikia Edinburgh hakutaka kusikia kingine, kwake ni chuo alichosoma Mwalimu Nyerere akamaliza 1952, basi. Ubaya ni huo mwaka wa nne, ni ada nzima nyingine.

Bristol tuliisoma haraka, kozi imepangika vizuri na wana historia nzito ya utafiti wa namna seli zinavyoimarisha mawasiliano mtu akijifunza.

McGill, Montreal, hii mdogo wangu aliipenda kwa moyo. Ile taasisi ya neva ya Montreal ilianzishwa 1934 na Wilder Penfield, daktari wa upasuaji aliyekuwa anafungua fuvu mgonjwa wa kifafa yuko macho, anagusa ubongo kwa umeme mdogo anamuuliza unasikia nini, ili asije akakata sehemu ya kusema au ya kusogeza mkono. Na hapohapo ndo alifanya kazi Brenda Milner, mama aliyempima yule mgonjwa maarufu wa Marekani Henry Molaison. Molaison alifanyiwa upasuaji wa kifafa 1953 akapoteza uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya, unaongea naye ukitoka nje ukarudi hakukumbuki. Lakini Milner akampa zoezi la kuchora nyota akiangalia mkono wake kwenye kioo, na kila siku alikuwa anachora vizuri zaidi huku anaapa hajawahi kuliona lile zoezi. Mdogo wangu alivyofika hapo akafunga laptopu akasema huyu ni ndugu yake bibi. Kitu kimoja kimeondoka kingine kimebaki. Nilimwambia hiyo sentensi uiweke kwenye barua na aliiweka. McGill wanafundisha Kiingereza japo mji ni wa Kifaransa, na mjue Quebec ina kibali chake cha kusoma, CAQ, juu ya kile cha Kanada, kwaiyo makaratasi ni mara mbili.

Marekani watu wanakimbilia majina, Johns Hopkins na hao MIT, ni vyuo vikubwa kweli na sina la kuwapinga. Ila ngoja niwaambie kuhusu Amherst, chuo kidogo Massachusetts, wanafunzi hawafiki hata 2,500, hakuna watu wa PhD wa kugombania nao vifaa, kwaiyo anayeshika kifaa maabara ni wewe wa digrii ya kwanza. Walianza programu ya nyurosayansi ya digrii ya kwanza 1973, wakati vyuo vingi havikuwa hata na jina hilo. Na ni kati ya vyuo vichache vinavyomwangalia mwombaji wa nje bila kujali ana hela au hana, akichaguliwa wanaziba pengo lote la ada na matumizi ambalo familia haiwezi. Yule dada wa ofisini hajawahi kulitaja jina hilo. Ushindani ni mkali mno, lakini kwa familia kama yetu hiyo ndo milango yenye maana, sio chuo kinachokupa punguzo la asilimia kumi halafu asilimia tisini uuze shamba.

Maana sasa tufike kwenye hela. Mwanafunzi wa nje kwenye hivyo vyuo vikubwa vya Uingereza kozi ya maabara ni paundi 30,000 na kuendelea kwa mwaka, kwa hela yetu ni kama milioni 100. Kwa mwaka. Miaka mitatu 300, Scotland 400, hujala hujalala. Juu yake kuna malipo ya huduma ya afya ya viza, paundi 776 kwa kila mwaka wa masomo na unalipa yote kwa pamoja kabla hujaondoka, ukienda miaka minne hiyo peke yake imepita paundi 3,000. Na hela ya matumizi ya miezi 9 lazima ikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka, ikishuka siku moja unaanza kuhesabu upya. Mkopo wa Bodi kwa kawaida ni kwa walio kwenye vyuo vya hapahapa nchini. Niliziandika hizi namba kwa kalamu nyekundu nikazibandika kwenye friji, mama akazisoma hakusema kitu, akaenda kulisha kuku.

Na ratiba nayo inabana. Dedilaini kuu ya Uingereza ni Januari, za Marekani nyingi mwanzoni mwa Januari, mtoto wetu anafanya NECTA Mei, matokeo Julai, katikati anaitwa JKT. Kwaiyo anaomba kwa makadirio ya walimu, na mwalimu wa shuleni kwake lazima aandike barua ya kumpendekeza kwa Kiingereza kinachoeleweka na kwa muda. Anza kumfuata mwalimu Oktoba, na umfuate kwa upole, maana ana wanafunzi mia mbili. Na vyuo vingi vina kurasa inayosema kuhusu vyeti vya Tanzania, wapo wanaopokea Form six, wapo wanaotaka mwaka wa faundesheni kwanza, soma kurasa ya Tanzania usisome ya Kenya ukadhani ni sawa.

Sasa nyumbani. Kwenye mwongozo wa TCU hatukuona digrii ya kwanza yenye jina la nyurosayansi. Chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru ni kwa masta na PhD tu, watu wengi hawajui hilo wanapeleka watoto wa Form six kuulizia. Njia ya karibu ni MD, udaktari, miaka mitano na mmoja wa mafunzo ya vitendo hospitali, iwe Muhimbili au hapa kwetu KCMC. Na hapa ndo kuna jambo nilitamani mtu angenambia toka siku ya kwanza kabla ya ile 350,000. Digrii ya nyurosayansi haikufanyi daktari. Ukirudi nayo hapa huwezi kumwandikia bibi dawa, Baraza la Madaktari halikusajili kwa digrii hiyo, wewe ni mwanasayansi, kazi yako ni maabara na utafiti na kufundisha, na mara nyingi lazima uendelee mpaka masta au PhD. Kwa anayetaka hivyo ni njia nzuri sana. Lakini kama moyo wako uko kwa mgonjwa aliyelala Machame ni swali lingine, na mshauri anayelipwa angetakiwa kuliuliza dakika ya kwanza.

Nilimuuliza mi. Tumekaa barazani kwa bibi, nikasema we unataka kujua kwanini, au unataka kumtibu? Alikaa kimya muda mrefu. Akasema nataka kujua kwanini, lakini nikishajua nataka niwe nakaa hapa.

Hapa maana yake wilaya ya Hai, ndo iliko Machame. Na wakati tunatafuta habari tukagundua kitu ambacho hatukuwahi kusikia kijijini kwetu wenyewe, kwamba Hai ni moja ya sehemu za Afrika zilizofanyiwa utafiti mwingi wa magonjwa ya ubongo. Watu walipita nyumba kwa nyumba kuhesabu wenye kiharusi, wenye kifafa, wenye Parkinson, wakishirikiana na KCMC, na kwenye Parkinson wengi waliokutwa hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini, wanatetemeka tu watu wanasema uzee. Mama akakumbuka kuna mwaka walikuja vijana na makaratasi wakamuuliza bibi mzaa baba maswali mengi. Mdogo wangu alitaka kulia. Alikuwa anatafuta mbali na watu walishapita mlangoni kwao.

Mwisho aliomba hivi. Vitano Uingereza, viwili Marekani, na hapa nyumbani. Barua ilikuwa na bibi ndani, tuliirudisha kama ilivyokuwa. Marekani walikataa wote wawili. Uingereza zikaja ofa mbili, moja ya Scotland, hakuna iliyokuja na ufadhili wa kutosha, tuliandika mpaka kwa mashirika, hamna. Julai matokeo yakatoka amefaulu vizuri, nafasi ya MD hapa Moshi ikaja na mkopo. Siku ya kuikataa ile ofa ya Scotland alibonyeza mwenyewe kwenye simu, mama amemshika bega, akaenda chumbani hakutoka mpaka usiku. Sikumfuata. Iliniuma mimi kuliko nilivyotegemea, kwa sababu alistahili, na aliyestahili hakukosa kwa akili.

Ameanza mwezi huu. Anapanda haisi ya KCMC asubuhi, jioni anarudi ananuka ile dawa ya kuhifadhia maiti, anakula anasoma. Ana mpango wake ameuandika nyuma ya lile kaunta buku, MD, halafu masta ya nyurosayansi kwa ufadhili, na ufadhili wa masta kwa daktari wa Kiafrika ni rahisi kidogo kuupata kuliko wa digrii ya kwanza, hilo tuliliona wazi kwenye kutafuta kwetu. Jumamosi akienda Machame anamfundisha bibi kuomba maji kwa kuimba. Anachukua sauti ya wimbo anaoujua bibi anaweka maneno ya "nipe maji" ndani yake. Wiki iliyopita imetoka mara mbili. Mara ya tatu imekataa, bibi akacheka, na bibi hakuwa amecheka muda mrefu.

Kuhusu ile ofisi, nilirudi Arusha kudai hela ya ushauri kwa maandishi, nikaambatanisha ile barua waliyoifuta bibi na ukurasa wa kile chuo walichotuonyesha. Meneja alinisikiliza, hakubisha, wamerudisha 150,000 kwa M-Pesa na 200,000 wamesema ni kazi ya makaratasi iliyofanyika. Pasipoti na IELTS kweli walishughulikia kwaiyo nimekubali. Nilimwomba kitu kimoja tu, kwamba mtoto mwingine akija na insha yake wasahihishe Kiingereza waache habari yake. Akaandika kwenye daftari mbele yangu. Nyota mbili, wakilifanyia kazi hilo nitarudi kubadilisha.